Tatizo si kuagiza, ni kuagiza nini

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu mafuta ya kula anasema wakamuaji wa Kenya waruhusiwe kuagiza mbegu za alizeti zaidi kutoka nje kwa sababu ya humu nchini haitoshi. Sawa, haitoshi kweli. Mimi nina mashine ndogo ya kukamua hapa Nakuru, na kuanzia Oktoba huwa imelala tu. Lakini hajagusa jambo moja: mbegu za Singida na Dodoma, Tanzania, zinaingia bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasilia (kinachoonyesha zilikotoka) cha Jumuiya ya Afrika Mashariki na cheti cha afya ya mimea. Mlango uko wazi. Kinachotuumiza ni mzigo wenyewe.

Mwaka jana nilinunua magunia 40 kupitia dalali. Juu zilikuwa nyeusi, kavu, zinang'aa. Kuingiza mkono hadi katikati ya gunia, unyevunyevu, na harufu ya uvundo! Kilo 100 za mbegu nzuri hunipa kama lita 25. Zile hazikufika hata 17, na mashudu yake, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, mfugaji wangu wa ng'ombe aliyakataa. Nauli nililipa ileile.

Halafu bado nishindane na mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, ambayo yakija ghafi, yaani hayajasafishwa, hayalipi ushuru wa forodha. Mwenye kiwanda kikubwa Mombasa ana haja gani ya kuagiza mbegu?

Kinunuliwe kipima unyevu, kiwekwe mpakani Namanga, mzigo upimwe kabla lori halijavuka. Mengine tutajisukuma wenyewe.