Sio lipstiki jamani, ni GV

Naanza na hilo maana kuna mtu, simtaji, kuanzia juzi usiku anapita kila grupu akisema nimeenda ukweni nimepaka lipstiki. Sijapaka lipstiki, nimepaka GV, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda. Na aliyeninunulia hiyo GV ni yeye mwenyewe, ila hicho kipande kwenye stori yake naona hakipo.

Alhamisi jioni mdomo wa chini ulianza kuwasha upande mmoja, kama pilipili inanichonyota kwa mbali, nikajua ni mishikaki. Usiku sijalala, nawaza mahari. Ijumaa alfajiri safari ya Moshi, mimi, baba mdogo, mshenga na huyo msambazaji, utambulisho ni Jumamosi kule Kibosho. Siti yangu ya dirishani, pazia hakuna, jua likanichapa usoni kutoka Chalinze mpaka Same. Tunashuka Moshi mdomo umeota malengelenge manne yamebanana kama punje za mahindi.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mama kwenye simu: malaria hiyo imetokea mdomoni, kapime. Dada wa mapokezi pale gesti: kaka umekojolewa na buibui. Baba mdogo: paka dawa ya meno. Msambazaji yeye hakubishana na mtu, alitoka akarudi na kichupa, "Mwanangu, GV, usiku mmoja tu inakauka, si tulikuwa tunapakwa utotoni?"

Umeme umekatika. Pamba sina. Nikatumia kidole, tochi ya simu nimeibana kwapani, nikapaka, nikaona kama haijakolea nikaongeza, nikajilamba kidogo, nikalala kwa amani kabisa.

Asubuhi kioo kinaniangalia. Midomo yote miwili, kidevu, meno mawili ya mbele na foronya ya watu, zambarau tupu. (Mnaouliza inboksi kama picha ipo: ipo, na siileti.) Nikasugua na limau. Haki ya Mungu msiweke limau kwenye kidonda. Halafu nikaweka spiriti, nikalia mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Rangi haijatikisika, kidonda ndio kimefumuka.

Ikabidi barakoa. Nikisalimia nasema shikamoo, nina mafua. Na ikakubali jamani! Saa nzima nimekaa kama bwana afya. Kuna dada akaniletea kichanga chake nimbusu, nikasema mafua haya dada, akanisifu nina busara. Mshenga anashusha maneno matamu, mbuzi wameshatajwa, mchumba wangu ananichungulia mlangoni anacheka cheka. Halafu ikaja mbege.

Sasa hapa twende taratibu.

Baba mkubwa wa binti akainuka. Mzee mrefu, koti la suti, fimbo. Akachota mbege kwenye kata, akanywa funda moja, akanifuata mpaka nilipokaa, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Kunywa mwanangu, kisha umpe baba yako mdogo." Watu kimya. Nikaipokea. Nikamwangalia mshenga, mshenga akaangalia mgomba. Nikawaza niingize kata kwa chini ya barakoa, nikajaribu kweli, mbege ikamwagikia shati. Mzee akasema, polepole, "Toa hicho kitambaa, hapa ni nyumbani." Nikatoa sikio la kushoto. Nikatoa sikio la kulia. Kuku mmoja alikuwa anaparua majani, naye nadhani akaacha.

Katoto kamoja pale mbele kakapasua: "Mama, huyu mjomba amekula zambarau!"

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndio mbaya zaidi. Mzee akainama, akanitazama mdomo kama anakagua ng'ombe. "Mwanangu, hii rangi ni ya ukoo wenu au ni ya leo?"

Mshenga wangu, Mungu amsamehe, akaruka: "Mzee, kwetu ni mila, kijana akija kuposa tunampaka rangi."

Mzee akageuka. "Na huyu baba yake mdogo, kule kwake alipoposa alipakwa?"

Baba mdogo: "Mimi nilitoroka naye."

Hapo boma zima likapasuka. Mimi bado nimeshika kata.

Aliyeniokoa ni shangazi yake binti, nesi mstaafu. Alininyang'anya kata, akaimwaga, "asinywe mtu hapa," akanivutia nyuma ya nyumba kama mtoto aliyejikojolea. "Baba, hii ni hepesi." Baba mdogo alikuwa ametufuata, kusikia hepesi akashika kichwa, shangazi akamkata, sio hiyo unayoifikiria wewe, hii ya mdomoni wengi wetu tuliipata utotoni, kwa mabusu ya bibi na vikombe vya kushirikiana, zaidi ya nusu ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanayo. Kirusi kinalala kwenye mshipa wa fahamu, hakitoki tena, kinaamshwa na jua kali, mawazo, kukosa usingizi, na homa. Ndio maana watu wanasema malaria imetoka mdomoni, homa inakiamsha lakini sio malaria yenyewe. Buibui hana kesi. Na GV ni ya fangasi na bakteria, kirusi hakijui hata kama umepaka. "Ile Alhamisi ulipohisi kuwasha, hapo hapo ungepaka krimu ya asaiklovia, mara tano kwa siku. Sasa acha kukishika, nawa mikono, usijifikiche macho."

Akaniuliza, umembusu yule kichanga? Nikasema hapana. Akashusha pumzi ndefu, "Kichanga kikipata hii inaweza kumuua." Hapo nilinyamaza kweli, kwa mara ya kwanza siku nzima.

Mengine yameenda haraka, nilinyweshwa mbege yangu kwenye kikombe cha plastiki peke yangu, mahari imepangwa, tarehe tumepewa, mchumba amenisave Bwana Zambarau na mama yake naye ameshaanza kuniita hivyo. Kidonda leo siku ya tano kimekauka, rangi ndio ipo.

Na wewe msambazaji, kichupa kimebaki nusu. Harusini wewe ndio besti meni wangu, na mimi najua unapolala.