Anzeni na kugawa, tebo itafuata

Binti wa kaka yangu yuko Darasa la Tatu. Akitoka shule hupitia kwangu kibandani, anatupa begi chini ya meza ya kukatia, anakalia rundo la vipande vya vitambaa na kuanza kuimba tebo ya kuzidisha. "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne." Ni mdundo uleule tulioimba sote, sauti inapanda kwenye "mara" na kutua kwenye jibu, mpaka saba mara kumi na mbili, themanini na nne. Hakosei. Wateja wanamsifu, na mimi kichwa kinavimba kidogo, maana damu ni yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa namalizia mashati ya sare. Nikamwaga vifungo mezani, nikamwambia, "Mwanangu, hapa kuna vifungo 56. Shati moja linakula 7. Vitatosha mashati mangapi?"

Akaniangalia. Akaviangalia vifungo. Akasema, "Shangazi, hiyo hatujafika."

Na dakika mbili tu zilizopita alikuwa ameimba kwa mdomo wake kwamba saba mara nane ni hamsini na sita.

Hilo "hatujafika" limenikaa kichwani siku zote hizi, hata nikiwa nakanyaga cherehani. Simlaumu mtoto. Yeye amefundishwa kwamba kuzidisha ni mada, na kugawanya ni mada nyingine iliyoko mbele huko, kurasa nyingi baadaye. Ni kama mtu aliyezoea kusafiri kutoka Mtwara kwenda Masasi, halafu ukimwambia arudi anakujibu kwamba njia ya kurudi bado hajaonyeshwa.

Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu. Ila kwa siku nagawanya na kuzidisha kuliko ninavyosalimia watu, na nina maoni yangu: tunaanza upande usio sahihi. Tungeanza na kugawa. Sisemi kugawanya kwa njia ndefu, ile ya kushusha namba chini kama ndoo kisimani. Nasema kugawa, kwa mikono, vitu vinavyoonekana.

Maana mtoto anajua kugawa kabla hajajua kuzidisha, na hakufundishwa na mtu. Waite watoto wanne, wawekee ming'oko 14 ya kuchemsha (ile mizizi ya porini inayoliwa) kwenye sahani, ukae pembeni. Hakuna atakayeuliza kama wamefika hapo. "Mmoja wako, mmoja wako, mmoja wangu." Raundi tatu zinakwisha kwa amani, kila mmoja ana mitatu. Halafu inabaki miwili, na hapo ndipo utakaposikia kelele. Darasani baki ni neno dogo linaloandikwa mwishoni mwa jibu, "3 baki 2", kisha vema inapigwa na maisha yanaendelea. Pale kwenye sahani baki ndiyo kesi yenyewe. Mkubwa atadai yeye ndiye aliyetumwa sokoni, mdogo ataanza kulia, mpaka atokee mmoja wa kusema ikatwe kati. Miwili ikikatwa kati ni nusu nne, watu ni wanne. Watoto ambao hawajaambiwa kitu kuhusu sehemu wamefika kwenye tatu na nusu, tena bila fimbo.

Nimetaja fimbo kwa sababu hiyo 7 mara 8 mimi niliipata kwa fimbo. Naikumbuka mpaka leo, na fimbo naikumbuka pia, lakini miaka mingi nilikuwa sijui ni ya kazi gani. Nilikuja kuijua nilipoanza kununua vifungo kwa hela yangu.

Kuna jambo jingine ambalo naona linapitwa haraka. Kugawanya kuko kwa namna mbili, na alama yake ni moja. Ming'oko ni namna ya kwanza: unajua watu, unatafuta kila mmoja atapata mingapi. Vifungo ni namna ya pili: unajua kila shati linakula vingapi, unatafuta idadi ya mashati. Namna ya kwanza mtoto anaifanya kwa kuzunguka, mmoja wako, mmoja wako. Ya pili anaifanya kwa kutenga mafungu. Ukimpa swali la mafungu naye kichwani anazunguka, atatafuta watu wa kuwagawia asiwaone. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa huyu wangu. Nilimuuliza mashati, yeye akawa anatafuta watoto.

Basi nikamwambia, "Acha kuhesabu. Panga kama mama wa sokoni anavyopanga nyanya." Sokoni hakuna anayemwelewesha mtoto fungu ni nini. Akatenga vifungo saba, saba, saba. Alipofika fungu la sita mkono ukaenda taratibu, midomo ikaanza kuchezacheza. Ilikuwa tebo. Akamaliza mafungu manane, akayatazama, akanitazama kama mtu aliyemkuta jirani yake wa mtaani Chikongola kwenye basi huko ugenini. "Shangazi, kumbe ndiyo ile!"

Ndiyo ile.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia kama tukiiacha itusaidie. Tunasema "amekuja mara nne" na mtoto wa miaka mitatu anaelewa. Kwa hiyo "tatu mara nne" kwa sikio la Mswahili ni tatu iliyokuja mara nne: 3, na 3, na 3, na 3. Mwingereza kwa kawaida anaisoma kinyume, kwake ni mafungu matatu ya nne nne. Jibu ni 12 kote kote, ila picha ni mbili, na mtoto anayehama kutoka shule ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza anakutana na picha iliyogeuzwa bila mtu kumtahadharisha. Tena maneno tunayo: doti ya kanga ni mbili, pishi ni vibaba vinne, dazeni ni 12, korija ni 20. Bibi zetu walikuwa na tebo zao, hawakuziita tebo tu.

Neno linalotusumbua ni hilo "kuzidisha". Huyu binti wa kaka aliwahi kuniuliza: tano mara sifuri ni sifuri, sasa wametuambia tuzidishe, mbona imekwisha yote? Swali zuri, na jibu la "ndivyo ilivyo" halimtoshi. Lakini ukisema "tano, imekuja mara sifuri", yaani haikuja, mtoto anacheka na anakubali.

Nje ya kibanda changu wazee hucheza bao kuanzia alasiri. Bao lina mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete 64, kila mmoja zake 32. Yuko mzee pale ambaye elimu yake ni ya madrasa tu, lakini akilitupia jicho shimo lenye kete tisa anajua itakapolala ya mwisho kabla mkono haujashuka. Mtoto akiliangalia bao kwa upande wa wachezaji anaona nane nane mara nne. Akienda kukaa kichwani mwa bao anaona nne nne mara nane. Mashimo hayajaongezeka, aliyehama ni yeye.

Hilo linapunguza mzigo kuliko wazazi wengi wanavyojua. Tebo kuanzia 2 mpaka 9 ina majibu 64, sawasawa na kete za bao. Ukikubali kwamba 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja, yanabaki 36. Toa ya mbili, mtoto anayajua kwa viatu na kanga. Toa ya tano, anayajua kwa dakika za saa ya ukutani. Yamebaki 21. Mtoto anayelia nyuma ya daftari, kwenye lile jedwali refu, analilia vitu 21.

Na hivyo 21 vina njia za mkato. Mimi nikikata nguo nyingi nakunja kitambaa katikati, nakikunja tena, nakikunja tena, mkasi unapita mara moja na vinatoka vipande vinane. Kwa hiyo 8 mara 7 ni 7 iliyokunjwa mara tatu: 14, 28, 56. Nilidhani nimeligundua mimi. Kijana mmoja aliyesomea ualimu, mteja wangu, akaniambia Wamisri wa kale walizidisha kwa njia hiyohiyo ya kuongeza maradufu, na mafunjo yao ya hesabu ya zaidi ya miaka 3,500 yamehifadhiwa London. Nikamwambia walikuwa mafundi cherehani hao.

Kijana huyo hakukubaliana nami kwa kila kitu. "Mama, darasa langu limejaa mpaka dirishani. Vifungo vya watoto wote wale nivitoe wapi?" Ana haki. Kuandika tebo ubaoni na kuwaimbisha wote kwa pamoja ndiyo njia rahisi kwa mtu mmoja mbele ya umati. Lakini vizibo vya soda vimejaa kila mtaa, kokoto zipo, mbegu za ukwaju zipo. (Korosho ghafi ndizo usiwape. Msimu ukifika kilo ina bei, na somo la mafungu litaishia kwa mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo.) Sikatai kukariri. Mtu asiyekariri ataibiwa chenji. Ninachokataa ni kukariri kutangulie, halafu miezi mingi baadaye ndipo mtoto aambiwe kwamba alichokariri kina mlango wa kurudia. Siku ya kwanza ya "saba mara nane" iwe ndiyo siku ya kwanza ya "56 kwa saba". Hata MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, wameitanguliza GA kabla ya ZI. Najua sababu yao si yangu, lakini nimeifurahia.

Juzi binti wa kaka alikuja tena, nikampa kazi halisi: sketi ya marinda. Kiuno inchi 24, marinda 12. Linda moja litaonekana inchi ngapi? Akasema mbili, haraka. Nikamwonyesha kwa karatasi kwamba linda linakunjwa, inchi moja ya juu inakula tatu za kitambaa, kwa hiyo linda la inchi mbili linakula sita. Marinda 12 ya sita sita? Akaimba kidogo chinichini: 72. Akachukua futi kamba apime, ikaishia 60. Akashika alama kwa kidole, akairudisha mwanzo, akaongeza 12. Sikumwambia afanye hivyo.

Sketi ya pili ilikuwa ya mtoto mnene kidogo, kiuno inchi 26, marinda yaleyale 12. Akanyamaza muda mrefu. "Mbili mbili, baki mbili," akasema, kisha akaigeuza sketi ya kwanza, akaipapasa ubavuni. "Shangazi, hizo mbili si tuziweke hapa kwenye zipu? Hapa hapana linda."