Mpiga mbizi wa jeshi na namba zake: nani azione?

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na bintiye. Lilitolewa Oktoba 11. Muda wote huo watu walikuwa wakiuliza kwa uchungu kwa nini Jeshi la Wanamaji la Kenya, lenye kambi pale pale Mtongwe, linachukua siku nyingi hivyo. Jibu lilikuwa chini ya maji. Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58, gizani, katika mlango wa bandari ambako maji yakijaa au yakipwa huwa na nguvu ya kumsomba mtu.

Mita 58 si mchezo. Huko mgandamizo unakaribia mara saba ya ule wa juu, na naitrojeni iliyomo katika hewa ya kawaida humlevya anayeivuta. Mikono inakuwa mizito, uamuzi unapotea, na mwenyewe hujiona yuko sawa kabisa. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la “unajisikiaje?” halisaidii sana. Ndiyo maana majeshi yanavutiwa na vihisi vinavyovaliwa mwilini, vinavyosoma kina, hewa iliyobaki, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni, kisha kumwonyesha msimamizi aliye juu papo hapo.

Wanaovitetea wana hoja nzito. Tangu mwanasayansi wa Uingereza Haldane na wenzake watoe majedwali yao ya kupanda juu kwa usalama mwaka 1908, usalama wa mpiga mbizi umetegemea hesabu ya kina na muda, hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengi kwa pamoja. Lakini majaribio ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili yalionyesha kwamba uwezo wa kustahimili oksijeni nyingi, ambayo chini ya mgandamizo huwa sumu, hubadilika hata kwa mtu yule yule, leo hivi, kesho vingine. Jedwali haliwezi kuliona hilo.

Hatari huzidi kwa makomando wanaotumia vifaa vinavyosafisha pumzi na kuirudisha mdomoni ili mapovu yasionekane juu. Kinachotufanya tuhangaike kutafuta hewa ni hasa kaboni dioksidi kulundikana, si oksijeni kupungua. Kifaa kikiiondoa kaboni dioksidi vizuri huku oksijeni ikiisha, mtu hupoteza fahamu bila kuhisi kubanwa. Oksijeni ikizidi, degedege linaweza kumpata bila dalili yoyote na mdomo ukaachia kifaa. Hapo kihisi si anasa.

Lakini chombo cha kulinda uhai kinaweza pia kudanganya. Vifaa vingi vya aina hiyo hubeba vihisi vitatu vya oksijeni, na kimoja kikitofautiana na vingine, viwili vinavyokubaliana ndivyo vinavyoaminiwa. Sasa chukua viwili vilivyonunuliwa pamoja na kuzeeka pamoja. Vitakubaliana katika kosa, na kile kinachosema kweli kitapuuzwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni tahadhari ya uongo. Mapigo 140 kwa dakika yanaweza kuwa ya mtu anayepambana na mkondo, aliyeshtuka, au anayeelekea kuzimia. Namba ni ile ile. Msimamizi akiamuru apande haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoka kama mapovu kwenye damu na viungo, na mtu aliyekuwa mzima akapooza kwa sababu ya kifaa cha usalama.

Kisha kuna suala la kupeleka taarifa. Mawimbi ya redio hayafiki mbali katika maji ya chumvi. Sauti hufika, lakini adui naye anaisikia. Kwa hiyo komando aliye kazini asitume wala asitumiwe chochote. Kihisi kimwonye yeye na mwenzake ndani ya barakoa, basi.

Kazi kama ya Likoni ni tofauti kabisa. Hakuna adui wa kujificha. Mpiga mbizi anaweza kushuka na kamba nene yenye bomba la hewa, waya wa simu na kibomba chembamba kinachoishia kifuani kwake, ambacho mgandamizo wake humwonyesha msimamizi kina chake. Ni teknolojia ya zamani, na kwa kweli ni ufuatiliaji wa papo hapo. Kuongeza vihisi kwenye waya huo ni hatua ninayoiunga mkono bila kusita, mradi kwanza kuwe na mpiga mbizi wa akiba aliyevaa tayari na chumba cha mgandamizo cha kutibia karibu. Jeshi lisilo na hivyo viwili lisianze na vioo vya namba.

Na namba zenyewe zikae kwa msimamizi wa mbizi na daktari. Zikianza kutumiwa kupanga nani apandishwe cheo na nani aondolewe kikosini, askari watajifunza kulegeza mkanda wa kihisi, au kukaa kimya kuhusu homa waliyoamka nayo asubuhi, jambo ambalo hakuna waya utakaolifikisha juu.