Mkifunga Njia, Tuonyesheni Pa Kupita

Niseme mapema nilipo ili tusipotezeane muda. Naunga mkono kufungwa kwa njia za miguu zinazokatiza SGR, ile reli mpya ya umeme, zote, bila kubakiza hata moja. Jirani anayeniambia "sisi tumepita hapa tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo tuacheni" simuungi mkono hata kidogo, na nimemwambia hivyo kijiweni mpaka sasa ananiona msaliti. Ugomvi wangu uko kwenye namna ya kufunga. Kuna kufunga njia ili kumlinda anayepita, na kuna kufunga njia ili akigongwa, kosa liwe lake. Hizo ni kazi mbili tofauti, ingawa zote hutumia waya uleule na kibao kilekile.

Tukumbuke kwanza mazoea haya yametoka wapi. Wajerumani walianza kuitandaza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Haikuwa na uzio. Jiji likakua likaizunguka: Buguruni, Karakata, Gongo la Mboto, mpaka Pugu, watu wakajenga huku na huku na kupitisha njia zao juu ya mataruma. Sokoni, shuleni, msikitini, kwa shangazi, kote unakatiza reli. Treni ikija unaisikia tangu mbali, honi inalia, kokoto zinatetemeka, kichwa cha dizeli kinanguruma. Ulikuwa na nafasi ya kumalizia salamu zako kabla ya kusogea pembeni. Zaidi ya miaka mia moja watu wamejifunza treni ni kitu cha namna hiyo, kikubwa, cha kelele na chenye subira.

Mwaka 2024 ikaja nyingine, treni ya SGR. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza mwezi Juni, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akazindua rasmi huduma hadi Dodoma. Baadaye mwaka huohuo ikaja ile yenye pua iliyochongoka, tunayoiita mchongoko. Hizi zimeundwa kukimbia kilomita 160 kwa saa. Wengi huitaja namba hiyo kwa kujisifia, lakini ukiigeuza kuwa mita kwa sekunde utaacha kucheka: ni mita 44 kila sekunde. Uwanja mzima wa mpira, kutoka goli hadi goli, unaisha kwa sekunde mbili na nusu hivi.

Sasa chukua mtu anayevuka. Mwendo wa kawaida ni kama mita 1.2 kwa sekunde. Kutoka pale alipo salama upande huu hadi atakapokuwa salama upande wa pili, tuseme mita sita, anahitaji sekunde tano. Bibi mwenye mzigo, au mtoto aliyemshika mdogo wake mkono, mpe sekunde nane. Katika sekunde nane treni imeshakula mita 350. Maana yake ni kwamba bibi huyo lazima aione ikiwa mbali zaidi ya hapo, atambue inakuja, akadirie mwendo wake, kisha aamue. Jicho la binadamu halijaumbwa kwa hesabu hiyo. Kitu kinachokuja moja kwa moja usoni huonekana kama kimesimama, mpaka ghafla kinakuwa kikubwa. Weka kona, au sehemu ambako kilima kimekatwa ili reli ipite, na hizo mita 350 za kuona hazipo kabisa. Dereva naye hana la kumsaidia, kwa sababu treni yenye mwendo huo inahitaji kama kilomita nzima au zaidi ili isimame. Najua karibu na mjini inakwenda taratibu zaidi. Hata ukiigawa kasi hiyo kwa mbili, bado ni haraka kuliko gari lolote unalokatiza mbele yake pale Buguruni.

Halafu ni ya umeme, kwa hiyo haina ule mngurumo uliotulea. Juu yake kuna nyaya za volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho haungoji uguswe ndipo uue. Kijana aliyebeba bomba la chuma begani, akiliinua kidogo tu ili limpite mwenzake, yuko hatarini hata kama hakuna treni.

Kwa hiyo fungeni. Hapo sina mjadala.

Mjadala unaanzia kwenye matundu. Uzio wa SGR ukiufuata kwa miguu utayaona, na ukiwa na macho utagundua yako ya aina mbili. Kuna tundu la mwizi. Liko mahali pa kificho, majani yamelizunguka, waya umekatwa kwa koleo safi. Hilo ni la polisi, na Shirika la Reli Tanzania, TRC, limeshalalamika sana kuhusu wizi wa nyaya na uharibifu wa miundombinu. Tundu la pili liko wazi mchana kweupe. Ardhi chini yake imekuwa ngumu na laini kwa nyayo, maganda ya machungwa yametapakaa, na pengine kuna mtu ameshaweka meza ya karanga hapo kwa sababu wateja wanapita. Linazibwa Jumatatu, Alhamisi liko wazi tena. Kila mara likizibwa wakubwa husema wananchi hawana nidhamu. Mimi nalisoma tofauti. Lile tundu linaonyesha pale ambapo kivuko kilipaswa kujengwa na hakikujengwa. Mhandisi akitaka ramani ya watu wanakokwenda, hana haja ya kumlipa mshauri kutoka nje. Imeshachorwa kwenye uzio wake.

Kuna mama mmoja anayeuza samaki, hupita kwenye tundu la upande wetu alfajiri akitoka kuchukua mzigo. Siku moja nilimngoja amalize kuvuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, unapita hapo na ndoo kichwani, huogopi?"

"Naogopa. Nani haogopi treni? Ila nikizungukia kule kwenye daraja, samaki wanafika wamechoka kuliko mimi."

Nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Kivuko kikiwa mita 800 kutoka njia ya zamani, unatembea mita 800 kukifuata na mita 800 nyingine kurudi usawa ule ule upande wa pili. Hizo ni kilomita 1.6 za bure, kama dakika 24 kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa. Mwanafunzi anayekwenda na kurudi anaongezewa kilomita 3.2 kila siku ya shule. Mpangaji aliyekaa na karatasi yake ofisini anaona mita 800 tu. Mwenye ndoo kichwani anaona karibu nusu saa, na nusu saa alfajiri ndiyo tofauti kati ya kupata kona nzuri sokoni na kukaa pembeni na samaki wanaoingiwa na nzi.

Na kivuko chenyewe kiweje? Hapa ndipo ningependa wataalamu wetu wavae kanga, wabebe ndoo, wajaribu wenyewe. Daraja la juu linalopita juu ya zile nyaya lazima lipande kama mita saba kutoka usawa wa reli. Kwa ngazi za kawaida hizo ni zaidi ya ngazi 40 kupanda, na nyingine 40 kushuka. Mwenye baiskeli ya mkaa hapiti. Mwenye kiti cha magurudumu hapiti, labda ujenge mteremko, na mteremko wa kistaarabu, ule wa kupanda mita moja kwa kila mita kumi na mbili, kwa urefu huo utakuwa na mita 84 kila upande. Sisemi haiwezekani. Nasema msitujengee ngazi tupu halafu mkasema mmetuwekea kivuko. Wazee wa Manzese wanaweza kuwaeleza jinsi watu walivyoendelea kukatiza Barabara ya Morogoro chini ya daraja la miguu lililowekwa kwa ajili yao.

Mimi ni mtu wa kalavati. Njia ya chini ya tuta haina ngazi, mbuzi anapita, bodaboda anapita (hata tukimkataza), mama anapita na ndoo yake bila kuiyumbisha. Lakini kalavati la Dar es Salaam lina maadui wawili. Wa kwanza ni masika. Ukijenga sakafu yake chini ya usawa wa mtaro, Machi hadi Mei unakuwa umejenga bwawa, na watu watarudi kwenye tundu. Wa pili ni vibaka. Ukilijenga jembamba, refu, lenye kona, lisilo na taa, saa moja jioni hakuna mwanamke atakayeingia mle, na ana haki. Atachagua treni, kwa sababu treni angalau haimfuati. Kalavati liwe pana, fupi, lililonyooka ili ukisimama mdomoni uone mwanga wa upande wa pili, na taa ziwe za mtu mwenye jina la kuzibadilisha zikiungua. Hiyo taa moja ina thamani kuliko vibao ishirini.

Wasiokubaliana nami huniambia huko Ulaya watu wanatii. Basi twende Ulaya. Desemba 2005, kituo kidogo cha Elsenham, Essex, Uingereza. Wasichana wawili wa shule walitaka kuvuka kwa miguu kwenda jukwaa la upande wa pili kupanda treni yao. Taa nyekundu zinawaka, king'ora kinalia, lakini geti la miguu halikuwa na kufuli, unalisukuma tu. Treni moja ikapita, wakaingia, na nyingine ikatokea. Wote wawili walifariki. Geti lenye kufuli la kujifunga na daraja la miguu vilikuja baada ya hapo. Miaka ikapita, zikajitokeza nyaraka za ndani zilizoonyesha kwamba hatari ya kivuko kile ilikuwa imeshaandikwa miaka kadhaa kabla ya ajali. Mwaka 2012 Network Rail, wenye reli, walitozwa faini ya pauni milioni moja. Miaka ya mwanzo kila mtu alikuwa akisema watoto walipuuza taa.

Waingereza hao hao wana jambo lingine ninalolionea wivu. Kule kampuni ya reli haiamki asubuhi ikafunga njia ya umma kwa sababu imeona ni hatari. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1980, ilivyoongezewa vifungu mwaka 1992, inataka pendekezo la kufunga litangazwe, wanaopinga wasikilizwe, na mwenye kuamua apime kwanza kama kivuko hicho kingeweza kufanywa salama badala ya kuondolewa. Hata kwa utaratibu huo wamefunga vivuko vingi sana vya reli. Kwa hiyo kumsikiliza mwenye njia hakuzuii njia kufungwa. Kunamlazimisha anayefunga ajibu swali moja mbele ya watu: huyu atapita wapi?

Kwetu, hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na 30 vijijini, na kuingia humo bila ruhusa ni kosa. Sawa. Lakini angalia kinachotokea kauli ya "eneo lisiloruhusiwa" ikishaanza kutumika. Mtu akigongwa, habari inaandikwa kwa mistari mitatu, wa mwisho ukisema marehemu alikuwa akikatiza mahali pasiporuhusiwa. Hapo faili limefungwa. Hakuna anayeuliza kivuko cha karibu kiko umbali gani, kilikuwa na maji, kilikuwa na taa. Marehemu ndiye chanzo, ndiye shahidi, ndiye mtuhumiwa.

Reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja kati ya vyuma vyake, ningeiacha ilivyo kwa sasa, bila uzio. Treni zake si za mwendo huo, na kuizungushia waya kutawapa watu kazi ya kukata tu. Pale panatakiwa kuondoa vibanda vinavyoziba macho kwenye kona, kusawazisha sehemu za kuvukia ili mguu usinase, na vijana kuvua visikilizio masikioni. Hilo la mwisho halina fundi.

Watasema fedha. Mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, uliosainiwa mwaka 2017, ulikuwa wa takriban dola bilioni 1.2. Anayeweza kuhangaikia fedha hizo anaweza kuhangaikia makalavati machache ya ziada kwenye mitaa yenye watu wengi. Ombi langu lenyewe ni dogo: anayetaka kuziba tundu la aina ya pili aje kwanza akae pale tangu alfajiri hadi usiku, ahesabu wanaopita na wanachobeba, na tundu lizibwe siku kivuko kinapofunguliwa, si miezi kabla yake.

Nimelipeleka hilo kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema hoja hiyo iko juu ya ngazi yake. Nimemwomba aiandike hivyohivyo kwenye muhtasari wa kikao, na tarehe yake, na apige mhuri.