Shangazi Amesajiliwa Nusu

Jumapili nilikuwa na chai yangu, sina ugomvi na mtu, shangazi akapiga simu kutoka Lushoto. Shikamoo yangu hata haijaitikiwa vizuri, akauliza: "Mwanangu, hivi hawa watu wa mfumo wananijua au hawanijui?"

Kuna mfumo wa wakulima, jina naliacha, ambao ukitaka taarifa za pembejeo lazima ujisajili. Fomu ni moja tu: jina, namba ya simu, nenosiri, kijiji, zao, ukubwa wa shamba. Shangazi ni mwalimu mstaafu, fomu haimtishi. Kwenye ukubwa wa shamba akaandika "ekari mbili na nusu", kwa sababu ndivyo lilivyo, na fomu ikampokea bila kusema neno. Akabonyeza Jisajili. Meseji ikaingia: hongera, umejiunga. Wakati huohuo kwenye skrini: "Hitilafu imetokea, jaribu tena." Akajaribu tena. "Namba hii imeshasajiliwa." Haya, akaingia kwa namba hiyohiyo, nenosiri likakubaliwa, kisha ukurasa mweupe pee. Akapiga huduma kwa wateja. Kijana akamjibu: "Mama, tumia namba nyingine."

Namba nyingine! Yaani apande bodaboda hadi mjini, anunue laini, aweke kidole kwenye mashine, asubiri isajiliwe, kwa sababu kuna mtu ofisini alikuwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana.

Msimbo wao wa programu sijauona, kwa hiyo siapi. Ila harufu ya chungu hiki naijua, maana na mimi nimewahi kukipika. Nyuma ya ile fomu moja kuna majedwali mawili. Moja la akaunti: simu na nenosiri. Lingine la wasifu: kijiji, zao, shamba. Wasifu unaishika akaunti kwa namba ambayo hifadhidata huipa akaunti (si ya simu), kwa hiyo akaunti lazima iandikwe kwanza. Ikaandikwa. Ukafika wasifu na "ekari mbili na nusu" yake kwenye safu inayotaka tarakimu, hifadhidata ikakataa. Akaunti ikabaki yatima, haina kijiji wala shamba, lakini namba ya simu imeikalia, haimpi mtu. Kila ukurasa unaouliza wasifu wa shangazi unaanguka kifudifudi.

Kinachonichoma ni kwamba Kiswahili kilishatupa neno la jambo hili. Muamala. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, hata muuza mchicha anajua muamala ni nini: ama pesa imetoka huku ikafika kule, ama haijaondoka kabisa. Ikikatwa kwako isifike, hulali. Hakuna anayekubali kuambiwa "muamala umefanikiwa nusu, tumia namba nyingine". Sasa kwa nini tunakubali usajili wa nusu? Kuandika akaunti na wasifu wake ni muamala mmoja. Yote yaandikwe, au lisiandikwe hata moja.

Wala huu si utafiti mpya. Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter waliziita sifa za muamala ACID, na ile herufi ya kwanza, A ya atomicity, ndiyo inayodai hilo: kikamilifu au hapana kabisa. Django, zana ya kuundia tovuti kwa lugha ya Python, imekupa transaction.atomic tangu toleo la 1.6, mwaka 2013. Unaandika mstari mmoja, unazisogeza ndani hatua zako mbili za kuhifadhi, basi. Lugha ya PHP ina beginTransaction ya kufungua muamala, commit ya kuukamilisha na rollBack ya kuughairi. Hata hifadhidata ya MySQL, ambayo zamani ilikupa majedwali ya aina ya MyISAM yasiyojua muamala, tangu toleo la 5.5 inakupa ya InnoDB, yanayoujua, bila wewe kuomba. Na kama bado una MyISAM mahali, jihadhari: utafungua muamala, utaughairi kwa heshima zote, na hakuna kitakachorudi nyuma. Haikupi kosa, ni onyo tu ambalo ni rahisi kulipita.

Kabla ya hapo lakini, kagua data zote kwanza. Kwa mtumiaji fomu ni moja, lakini ndani ya msimbo huwa mbili, ya akaunti na ya wasifu: zote zipite ukaguzi, ndipo uguse hifadhidata. Na wale mnaoziunganisha kwa neno and la Python, mjue neno hilo ni vivu: fomu ya kwanza ikishindwa, ya pili haikaguliwi kabisa. Mtu anasahihisha kosa, anabonyeza, analetewa kosa lingine lililokuwepo tangu mwanzo. Zikague zote mbili, shika majibu, kisha amua.

Najua atatokea wa kuniambia: "Tumia ishara ya post_save, ile Django inayoituma kitu kikishahifadhiwa, wasifu utajiunda wenyewe." Utajiunda, ndiyo. Mtupu! Ile ishara haijui fomu ilijazwa nini, inajua tu kwamba akaunti imezaliwa. Kwa hiyo unampa shangazi wasifu usio na kijiji, halafu unaanza kuusaka tena ili uujaze. Siku ukiingiza wakulima wengi kwa mpigo mmoja, kwa bulk_create, ishara haitumwi, na mayatima wanarudi. Halafu ni msimbo uliojificha. Kijana mgeni ofisini atausaka siku nzima, asijue kwamba umelala kwenye faili ambalo hakuna aliyemtajia. Haya, nakubali kwa shingo upande: akaunti zikizaliwa mahali usipopamiliki, mathalani kwenye kifurushi cha mtu mwingine, ishara itakuokoa. Kwa fomu uliyoiandika mwenyewe, hapana.

Kuweka kila kitu kwenye jedwali moja la mtumiaji? Inawezekana, hasa ukianza mradi mpya. Mtu huyohuyo akiwa mkulima leo na wakala kesho, utarudi kwenye mawili.

Ile meseji ya hongera nayo, jamani. Ilitumwa kabla ya kazi kuisha. Django ina transaction.on_commit tangu toleo la 1.9: meseji inangoja muamala ukamilike, ndipo iondoke. Hifadhidata inaweza kufuta ilichoandika, lakini meseji iliyokwishafika Lushoto hakuna wa kuirudisha.

Nilipiga mwenyewe huduma kwa wateja. Niliomba kwa adabu waifute ile akaunti yatima ili shangazi aanze upya. Nikajibiwa kwamba mfumo hauruhusu kufuta mtumiaji asiye na wasifu.

Basi shangazi amejisajili kwa namba ya mumewe. Safari hii ameandika 2.5, ikapita. Meseji za mbolea zinaingia kwenye simu ya mzee, ambaye huiacha imezimwa kabatini hadi Ijumaa.