Inchi 17 au 18? Rimu na matairi ya uwanjani kwa mtu wa Dodoma

Waulize wenye magari ya spoti wafunge nini kwa siku ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio za magari, wengi watakutajia ukubwa kwanza: inchi 18, tairi pana, ukuta (yaani ubavu wa tairi) mfupi, raba laini inayonata. Kwa mtu anayeishi jirani na uwanja wa mbio wa Kyalami kule Afrika Kusini, jibu hilo halina ubaya. Anatoka nyumbani juu ya lami nzuri, anaingia kwenye uwanja uliofungwa, anaendesha gari lake kwa nguvu zote bila kushindana na mtu, jioni anarudi. Dodoma haina uwanja wa lami wa namna hiyo. Mwenye Toyota Altezza wa Kisasa au mwenye Subaru wa Area D lazima asafiri, na akielekea Kenya, ambako barabara hufungwa kwa mashindano ya muda kama Kiamburing, kipande cha Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa peke yake ni kilomita 251, na hapo hata Arusha hajaiona. Mimi naona kilomita hizo ndizo zenye haki ya kuchagua ukubwa wa rimu, kuliko zile chache za uwanjani.

Tuwape kwanza haki yao watu wa 18. Ukuta mfupi haupindi sana kwenye kona, kwa hiyo ukikata usukani gari linaitika mara moja. Rimu kubwa inaacha nafasi ya diski na kalipa (kibanio cha pedi za breki) kubwa, na breki ndiyo ya kwanza kuchoka uwanjani. Tairi pana linatandaza joto kwenye raba nyingi zaidi. Subaru wenyewe, walipotoa Impreza STI ya umbo jipya mwaka 2007, waliifunga 245/40R18 kutoka kiwandani, yaani tairi la upana wa milimita 245, ukuta wa asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18. Lakini STI iliyotangulia ilivaa inchi 17, na hakuna aliyewahi kuiita gari la sokoni. Toyota 86 nayo ilitoka na 215/45R17 za Michelin Primacy HP, tairi la kawaida kabisa la barabarani, kwa sababu walioiunda walitaka dereva alisikie gari likicheza mapema na kwa upole.

Sasa hesabu. Chukua saizi tatu zinazobadilishana: 205/55R16, 225/45R17 na 225/40R18. Kimo cha gurudumu zima kinakaribia kufanana, milimita 632, 634 na 637, hivyo kipima mwendo hakitadanganya sana. Kinachobadilika ni ukuta wa raba: karibu milimita 113, 101 na 90. Ukitoka 17 kwenda 18 umepoteza milimita 11 za mto kati ya rimu na barabara. Kwenye lami laini ya uwanja ni sawa na bure. Kwenye shimo ambalo hukuliona kwa sababu lori lililo mbele lilikuziba, au tuta la kijijini lililofutika rangi, hizo 11 ndizo zinazoamua kama ukuta utabanwa kati ya chuma na ukingo wa shimo. Ukibanwa, nyuzi za ndani zinakatika na tairi linatoa nundu. Tairi lenye nundu unaweza kulibembeleza polepole hadi kwa fundi wa karibu, ila uwanjani haliingii. Umesafiri, umelipa, na umekuwa mtazamaji.

Halafu kuna uzito, ambao dukani hauzungumzwi kwa sababu hauonekani kwenye picha. Rimu ya RAYS TE37 ilipotoka mwaka 1996, ile 37 ya jina lake ilitokana na kilo 3.7 za rimu moja ya inchi 15 kwa upana wa 6. Watu walioisifu walikuwa wanasifu wepesi. Leo utaona sura hiyohiyo kwenye spoti rimu za kunakili za inchi 18, na ukizipima huenda zikazidi uzito wa rimu ya kiwandani ya 17 unayotaka kuivua. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Shokapu inapigana nao kwenye kila bonde, na injini inapigana nao kila unapokanyaga mafuta. Ukinunua rimu za mtumba, tafuta muhuri wa JWL, alama ya Kijapani ya usalama wa rimu, ingawa nao unaghushiwa, geuza rimu uone nyufa upande wa nyuma wa mikono, kisha mwambie fundi aizungushe kwenye mashine ya balansi mbele yako. Rimu iliyopinda itajionyesha yenyewe.

Kwenye raba ubishi ni mgumu zaidi, na hapa sina hakika kwamba upande mmoja unashinda moja kwa moja. Matairi mengi yana namba ya kulika (treadwear) iliyoandikwa ubavuni, kipimo cha Kimarekani ambacho 100 ndiyo msingi wake: namba ikipanda, tairi linadumu; ikishuka, kwa kawaida linanata. Michelin Pilot Sport 4S ni 300, Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200, na Toyo R888R ni 100, karibu kabisa na tairi la mashindano. Kila kiwanda hujipima chenyewe, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama mizani ya dukani.

Wanaotetea raba laini wana hoja nzito: joto. Oktoba na Novemba hapa kwetu hupita nyuzi 30 kivulini, na lami iko mbali juu ya hapo. Tairi la kawaida likisukumwa mizunguko michache huzidiwa, linaanza kuteleza kama limepakwa mafuta, na kashata za nje zinameguka vipande. Gari lenye kemba (mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani) ndogo mbele, na Impreza na 86 zikiwa hazijaguswa ziko hivyo, hula bega la nje la tairi jipya siku hiyohiyo. Raba ya uwanjani inavumilia hayo. Lakini ina mifereji michache na mifupi, na safari ya kati ya Desemba na Aprili inaweza kukukuta na mvua ambayo tairi hilo haliwezi kuyafukuza maji yake. Tena inaokota kokoto na kuzipigisha ndani ya matao ya magurudumu. Na inamficha dereva mgeni makosa yake: tairi la barabarani hulia kabla ya kuachia, la uwanjani linashika kimya, linashika, kisha linaachia ukiwa na mwendo mkubwa.

Jibu linalopendwa ni kuwa na seti mbili. Sawa, zinabebwa wapi? Altezza haipakii magurudumu manne na watu na mizigo. Seti mbili ni za mwenye rafiki mwenye pikapu. Akiwepo, funga nati kwa spana ya kupimia. Kwa Altezza, Toyota wanataka 103 Nm, si nguvu za kijana kusimama juu ya spana. Na usichanganye: nati za Toyota ni 12x1.5, za Subaru 12x1.25 (kipenyo, kisha nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita). Toyota 86, kwa kituko, inafuata Subaru: hata tundu la katikati ya rimu ni milimita 56.1, wakati Altezza ni 60.1.

Asiye na pikapu, ningemwambia abaki na inchi 17 nyepesi, seti moja, tairi la daraja la Pilot Sport 4S, jipya. Neno jipya nalisisitiza. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini raba iliyokauka kwa miaka ni la kuogopwa zaidi uwanjani kuliko barabarani. Atakuwa mwepesi kuliko wenzake kwenye matuta na mzito kidogo kuliko wao kwenye kona, na fedha itakayobaki aipeleke kwenye mafuta ya breki na pedi.

Upepo nao usisahauliwe. Presha hupanda kama PSI moja kwa kila nyuzi tano na nusu za joto, kwa hiyo uwanjani utaupunguza baada ya kila kipindi. Wengi huukumbuka huo wa kupunguza. Wa kurudisha kabla ya kushika njia ya kurudi, gari likiwa limejaa watu na jua bado kali, huwapita, na tairi lenye upepo pungufu kwa kilomita mia kadhaa hujichemsha lenyewe hadi kupasuka.

Wanaobaki nje ya ushauri huu ni wale ambao kalipa zao hazipiti ndani ya rimu nyingi za 17, kama wenye STI ya 245/40R18. Hao wabaki na 18 zao za kiwandani, waendeshe taratibu kwenye matuta ya Kondoa, na yeyote atakayewauzia 19 wamwache na biashara yake.