Monita ya Pili na Wali wa Mama Mkwe

Kwa miaka minne nimetafsiri miongozo ya mashine kwa skrini moja, yaani nafungua maandishi ya Kiingereza, nayasoma, nayafunika kwa dirisha la tafsiri, naandika nusu ya sentensi, kisha narudi kutazama kama ile skrubu ilikuwa inazungushwa kulia au kushoto. Anayeishi hivyo hufika siku akasema basi. Siku yangu ilikuwa Jumamosi moja, nilipotoka Kariakoo kurudi Tabata nikiwa nimepakata ndani ya daladala monita iliyotumika ya inchi 22, iliyofungwa kwa shuka kuukuu, huku konda akitaka kujua kama televisheni nayo ina nauli yake.

Kijana aliyeniuzia katika Mtaa wa Aggrey alinipa waya wa picha, ule wenye kichwa cha buluu na vipini 15 vilivyopangwa safu tatu, mtindo ambao IBM waliutoa mwaka 1987 na ambao mpaka leo unashikilia roho katika kompyuta za mezani zinazotufikia zikiwa zimekwisha kustaafu maofisini Ulaya. Waya wa umeme alinitajia kwa shilingi 5,000. Nilimjibu kwa kiburi kidogo kwamba waya wa namna ile uko katika kila nyumba, na niliposema kila nyumba nilikuwa nafikiria jikoni kwangu.

Maana waya huo, wenye matundu matatu upande mmoja na plagi upande wa pili, ndio huohuo unaowasha kompyuta, printa na, kwa bahati yangu mbaya, sufuria letu la umeme la kupikia wali, ambalo humu ndani tunaliita raiskuka. Raiskuka ilikuwa juu ya kabati, haijapikiwa tangu Idi, kwa sababu mke wangu anaamini kwamba wali ambao haukupaliwa makaa juu ya mfuniko haujaiva, umelainika tu. Kwa hiyo nilipouchukua waya wake sikuona haja ya kumsumbua mtu kwa maelezo. Sikuuiba, niliuhamisha.

Kazi ya kuunganisha ilinipa heshima machoni mwa watoto. Niliingia chini ya meza na tochi ya simu, nikakaza zile skrubu mbili za kichwa cha buluu, nikatoka na utando wa buibui kichwani, kisha nikabonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P na kuchagua skrini zirefushwe ziwe kama uwanja mmoja. Monita ikawaka. Shida ilikuwa moja tu: nilikuwa nimeiweka kushoto, na kompyuta iliamini kwamba iko kulia, hivyo kila nilipousukuma mshale wa kipanya kuelekea kushoto uligonga ukuta, na nilipousukuma kulia ulitoweka na kuibukia upande wa pili wa meza kama mbuzi wa jirani. Mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyeingia kwenye mipangilio, akalikamata lile boksi lenye namba 2 na kulivuta hadi kushoto kwa namba 1. Niliwaambia kuwa nilikuwa nampima.

Jumapili yote nilifanya kazi kama waziri. Kiingereza kilikaa kwenye skrini ya zamani, Kiswahili kikakaa kwenye monita mpya, na shingo yangu ikawa inageuka huku na huku kama ya mtu aliyekaa katikati ya watani wawili. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa pampu ya maji uliotakiwa Jumatatu saa kumi jioni, na kufikia Jumatatu asubuhi zilikuwa zimebaki kurasa sita. Kwa kuwa mama mkwe alikuwa njiani kutoka Tanga, na kwa kuwa hakuna mkwe anayejiheshimu anayepokea wageni akiwa na nywele za wiki tano, niliiacha kompyuta ikiwa imewaka nikaenda kunyoa.

Niliporudi, monita ilikuwa kiza. Nilibonyeza kitufe chake, nikakibonyeza tena kwa heshima, kisha bila heshima, na hata kile kitaa kidogo cha pembeni hakikuonyesha dalili ya uhai. Hilo ningelivumilia. Lililonitoa jasho ni kwamba tafsiri yangu nayo haikuwepo. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yametulia mahali pake bila wasiwasi, lakini Kiswahili chote, kurasa thelathini na nne za valvu na mihuri ya mpira, kilikuwa kimeondoka. Nilipouleta mshale juu ya alama ya Word, chini kabisa ya skrini, kilitokea kidirisha kidogo kama stempu, na ndani ya stempu hiyo niliuona ukurasa wangu wa thelathini na nne, mzima, pamoja na jedwali lake. Nikabofya. Stempu ikapotea na hakuna kilichofunguka. Nilirudia mara kumi na kitu, nikawa kama mtu anayemwona ndugu yake kwenye dirisha la basi linaloondoka stendi.

Niliizima kompyuta na kuiwasha upya. Niliposubiri iwake, harufu ya wali wa nazi ilikuwa inakuja kutoka jikoni, na nakumbuka vizuri kwamba nilijiambia, walau kuna jambo moja katika nyumba hii linalokwenda sawa. Kompyuta ikawaka, nikalifungua faili, Word ikafunguka kwa sauti na mbwembwe zake zote mahali nisipopaona, nami nikafikia uamuzi kwamba yule kijana wa Aggrey ameniuzia monita yenye kirusi.

Tafadhali msinicheke kwa hilo, nilikuwa na hasira. Nilifungua zile skrubu mbili, nikauchomoa waya wa picha, nikasikia kompyuta ikitoa mlio, sikugeuka kuitazama, nikaifunga monita katika shuka lake na kutoka. Wala sikujiuliza kwa nini siku ile nilichomoa waya mmoja ilhali Jumamosi nilichomeka nyaya mbili.

Dukani nilizungumza kwa muda mrefu na kwa lugha pana. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akauchukua waya wa umeme uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, akachomeka, na monita ikawaka papo hapo, ikaandika kwa herufi kubwa za kung'aa kwamba haipati mawasiliano. Wateja watatu waliokuwa wananiunga mkono walianza kuangalia chaja za simu.

“Mzee wangu,” akaniuliza kwa upole uliozidi, “huo waya wako wa umeme, ulipotoka ulikuwa umechomekwa?”

Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo hapo ile harufu ya wali wa nazi ikanirudia puani, Kariakoo, saa saba na nusu mchana.

Kijana alinieleza mengine bila kuombwa. Katika ule waya wa buluu kuna kipini kinachopeleka volti 5 kutoka kwenye kompyuta, umeme mdogo unaotosha kukiamsha kijidude kinachoitambulisha monita, kwa hiyo hata monita ikikosa umeme wake yenyewe, kompyuta huendelea kuamini kwamba ipo na kuipelekea madirisha. Tafsiri yangu ilikuwa kushoto muda wote, gizani. Ningeshika alama ya Windows na Shift, kisha nikabonyeza mshale wa kulia wa kibodi, ingerudi yenyewe. Nilimlipa shilingi 5,000 za waya, naye akazipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani nilimkuta mama watoto amesimama mlangoni.

“Baba watoto, kazi yako imejitokeza pale kwenye kompyuta mara tu ulipoondoka. Nimekupigia, simu iko chini ya meza inamulika buibui.” Kisha akashusha sauti, kwa kuwa mama yake alikuwa sebuleni. “Na waya wa raiskuka ulikuwa unatafuta nini huko nyuma ya meza yako? Gesi imekatika, makaa yako chini ya kuku, nimezunguka nyumba nzima nikiutafuta!”

Nilimsalimia mama mkwe, nikaketi mkekani, nikatengewa wali. Ulikuwa umechambuka punje kwa punje. Zile kurasa sita nilizimaliza baadaye kwa skrini moja na kuzipeleka saa kumi na nusu, nikisingizia umeme, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli. Lakini kwa wakati ule nilikuwa nakula kimya, na mama mkwe, ambaye alikuwa ameniona nikiingia na furushi la shuka begani, aliniuliza kwa nini mkwe wake alitoka na televisheni kwenda kuitembeza mjini saa ya chakula.

Nilimwambia nilikwenda kuipima.